Mikrofoni Yangu Peke Yangu, na Harufu Iliyonipa

Nilipopewa mikrofoni yangu peke yangu katika kwaya, nilinunua viatu vipya. Nalisema hili mwanzoni ili ujue unasoma habari za mtu gani. Mimi ni mwanamke wa kujisikia. Nilikuwa hivyo kabla ya ugonjwa, na sasa nimepona nimezidi.

Kwaya yetu iko Kasenga, hapa Uvira, na kwa miaka mingi ilikuwa na mikrofoni mbili tu. Moja ilikuwa ya mwanamume anayeanzisha nyimbo. Ya pili tuligawana wanawake watatu wa sauti ya kwanza, tumesimama shavu kwa shavu, mmoja akikohoa wote tunashtuka. Mimi nilikuwa katikati kwa sababu sauti yangu inafika mbali. Kulia kwangu alisimama rafiki yangu Faida. Basi siku moja mazoezini, Mama Esperansi anayetuongoza akatangaza kwamba imepatikana mikrofoni ya tatu, na kwamba Mama Riziki atasimama nayo pembeni, karibu na ngoma, aimbe peke yake. Mama Riziki ni mimi. Watu walipiga makofi. Faida alipiga kuliko wote, nami nikasema moyoni kwamba huyu kweli ni rafiki asiye na wivu.

Kazi yangu ni kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Tanganyika. Asubuhi nanunua ufukweni wavuvi wakirudi, naanika, na zikikauka napeleka sokoni Mulongwe. Muuza ndagala ananuka ndagala. Nguo zinanuka, nywele zinanuka, hata mkoba wa kanisani unanuka, na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo mteja akirudi nyuma nikiongea naye, nilijua ni samaki. Mume wangu alipoanza kulala ameelekea ukutani, nilijua ni samaki, nikaongeza limau kwenye maji ya kuoga. Baba Riziki ni seremala, mtu wa maneno machache, na hakusema lolote kuhusu limau.

Mtu mmoja tu alisema. Ni Kashindi, mdogo wa mume wangu, dereva wa pikipiki. Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo utaniona mjinga. Kwetu mdogo wa mume, shemeki wako, ana ruhusa ya kukutania anavyotaka. Kashindi ananiita bibi yangu, yaani mke wangu, mbele ya kaka yake. Ananiuliza ni lini nitamwacha mzee nimfuate yeye, nami namjibu kwamba hata kuku zangu zingekataa kuhamia kwake. Lolote analosema shemeki ni mchezo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kazi yako ni kumrudishia mchezo mkali kuliko wake.

Siku moja nilikuwa nimempakulia bugali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nikainama kumwekea sahani huku nikiongea.

"Bibi yangu," akasema, "weye ukifungua kinywa, inzi zote za Uvira zinajua njia ya hapa."

"Zinakuja kukutafuta weye," nikamjibu, "sababu hauogake."

Tulicheka mpaka machozi. Mume wangu naye alicheka, ila aliangalia sahani yake.

Kashindi hakuchoka. Aliniletea pipi za mnanaa akisema ni posa. Sikukuu ya mwaka mpya aliniletea miswaki miwili, mmoja wa asubuhi na mwingine wa magaribi, akanipigia magoti mbele ya wageni. Niliwasimulia majirani mtaa mzima jinsi shemeki wangu anavyochekesha. Miswaki niliiweka kabatini, mipya bado ndani ya karatasi zake, kwa sababu nilikuwa nao wa zamani.

Sasa rudi kwenye mikrofoni. Mtu akikuheshimu, unamshukuru. Nilichagua ndagala nzuri, zile nyeupe zisizovunjika, nikajaza kikapu, nikafunika kwa kitambaa safi, na Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa Mama Esperansi kumshukuru kwa ile mikrofoni. Nilivaa vile viatu. Alinipokea vizuri, akapokea kikapu, akakaa nacho magotini bila kukifunua. Nilipoanza hotuba yangu ya shukrani niliona machozi yanamtoka. Nikafikiri ni furaha.

"Mama Riziki, unisamehe," akasema. "Ile mikro haikukuwa zawadi. Batu ba pembeni yako balishindwa."

"Balishindwa nini?"

Alijigusa midomo kwa vidole, kisha akasema neno moja tu, "Kinywa."

Aliyoendelea kusema ndiyo yaliyonimaliza. Aliniambia walikuwa wamekaa kikao kutafuta nani anaweza kuniambia, na hakupatikana. Faida alikataa akilia. Mwishowe waliamua kulipeleka jambo kwa Mungu. Ndipo nikakumbuka. Kabla ya Pasaka kwaya nzima ilikuwa imefunga na kuomba kwa ajili ya haja ya dada yetu mmoja ambaye jina lake halikutajwa. Mimi nilikuwa nimefunga pamoja nao. Nilifunga kuliko wote, niliomba kwa sauti kuliko wote, nikimwombea huyo dada maskini, na kumbe dada ni mimi. Mungu lazima alicheka siku ile. Mimi sikucheka. Nilitoka kwa Mama Esperansi viatu nimeshika mkononi, sijui kwa nini nilivivua.

Nyumbani nilimkuta mume wangu chini ya kibanda chake, anaangalia mbao. Jumapili hafanyi kazi, anaziangalia tu. Nikasimama mbali naye.

"Baba Riziki, kinywa yangu iko inanuka?"

Akaweka chini ubao aliokuwa ameshika. "Ndiyo."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mvua ya mwaka ilipita."

"Na weye ulinyamaza?"

"Weye unaimbaka kila asubuhi ukiamka," akasema. "Niliogopa, nikikuambia, hautaimba tena."

Leo nikiandika maneno hayo nampenda sana mume wangu. Siku ile nilimchukia. Niliona amenitembeza mjini uchi mwaka mzima, kwa huruma. Nilifunga kinywa changu na sikumsemesha kwa siku nyingi. Nilipika, nikaweka mezani, nikaondoka. Binti yetu Riziki, aliyeolewa, alikuja kutupatanisha, nikamjibu kwa kichwa tu, ndiyo na hapana, nikiwa nimejifunika nusu ya uso kwa ncha ya kitenge. Kashindi naye alikuja na michezo yake mlangoni. Aliponiona sichezi, alikaa kwenye kizingiti kama mtu aliyekuja msibani.

"Shemeki," akasema, "minye nilikuambiaka. Weye ulicheka."

Alikuwa na haki. Aliniambia kwa njia pekee aliyoruhusiwa, na kwa sababu ilikuwa njia hiyo sikusikia.

Kuanzia hapo nilikuwa na haja moja tu duniani. Nilitaka kuongea na mtu uso kwa uso na yeye asirudi nyuma. Sikuomba mikrofoni wala kitu kingine. Aliyewahi kuugua ugonjwa huu anaelewa ninachosema. Hauumi, hauna homa, hakuna anayekuja kukuona na matunda. Ila unaanza kupima watu kwa macho. Yule amegusa pua, ni mimi au ni mafua? Yule amegeuza shingo, ameitwa au amenikimbia? Sokoni niliacha kuita wateja. Nilikaa nyuma ya beseni langu kimya, nikionyesha bei kwa vidole, mpaka wenzangu wakasema Mama Riziki siku hizi amekuwa na kiburi. Kwenye kwaya nilisema koo linaniuma. Asubuhi sikuimba tena. Mume wangu aliogopa jambo hilo, na likatokea vilevile.

Mvua zilianza nikiwa katika kujitibu mwenyewe, na hapa ndipo nataka usikilize vizuri, wewe unayesoma ukiwa na mkono kinywani. Nilianza kwa kuacha ndagala. Fikiria hilo, muuza ndagala asiyeonja ndagala. Kila mtu aliniambia harufu inatoka tumboni, basi nikatibu tumbo. Nilimeza dawa za minyoo, nikameza dawa za vidonda vya tumbo ambavyo sina, nikanywa maji ya mwarobaini mpaka chakula chote kikawa kichungu. Nilitafuna karafuu. Karafuu zinasaidia muda wa kumsalimia mtu na kumuuliza habari za nyumbani, akianza kujibu zimeisha. Nilipiga mswaki kwa nguvu sana, lakini mahali palipotoka damu nilipaacha, nikisema pana kidonda, papumzike.

Tumbo liliposhindwa kutibika, wanawake wa kikundi cha maombi walisema hii si ya hospitali. Ni roho, wakasema, na roho ya namna hii inatoka kwa kufunga kavu, bila chakula wala tone la maji. Nilikubali. Tulijifungia katika chumba cha kanisa. Mchana wa pili midomo ilikuwa imenata kwenye meno na ulimi umekuwa mweupe na mzito, nikausikia kama si wangu. Tulishikana mikono tukaomba. Mama aliyeshika mkono wangu wa kushoto aligeuza uso polepole, akijaribu nisione, mpaka akawa anamwomba Mungu akiwa ameelekea dirishani. Hata mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza, niliisikia harufu yangu. Nikajiuliza ni roho gani hii inayonenepa watu wakifunga. Nikaomba ruhusa, nikatoka, nikaenda bombani nikanywa maji. Walisema imani yangu imepungua. Haikupungua. Ila kiu ni kiu, na kinywa kikavu kinanuka zaidi, hilo sasa nalijua hata usiponiuliza.

Kilichonitoa humo ni pera. Riziki alikuwa ameleta mapera mabivu kutoka kwa wakwe zake, nikauma moja nikiwa nimesimama karibu na kibanda cha mume wangu. Tulikuwa tumeanza kusemeshana tena, maneno ya lazima tu. Akaangalia lile pera mkononi mwangu. Mahali nilipouma palikuwa na damu pande zote.

Aliuliza kama ni kila siku. Nikamwambia ni kila siku, hata nikipiga mswaki, hata nikiamka mto una doa. Akasema basi twende kwa daktari wa meno. Nikamcheka. Meno yangu hayaumi, nikamwambia, na kwa daktari wa meno mtu anaenda jino likimliza, anang'olewa, anarudi. Hivyo ndivyo sote tunavyojua hapa. Hakubishana. Alifunga kibanda siku ya kazi, jambo ambalo hafanyi hata akiwa na malaria, akamwita Kashindi na pikipiki yake, na wakanipeleka wawili, mmoja mbele yangu na mmoja nyuma, nisitoroke.

Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Kila mtu ameshika shavu. Mwanamke mmoja alikuwa amefunga kichwa chote kwa kitambaa, mzee mmoja anatikisa mguu bila kuacha, msichana analia kimya kimya begani mwa mama yake. Mimi peke yangu sikushika kitu. Muuguzi akaniuliza kwa sauti, kutoka mlangoni, ni jino gani linaniuma. Nikasema hakuna. Akauliza nimekuja kwa nini basi. Mabenchi yote mawili yakaniangalia. Ile aibu yote niliyokuwa nimeibeba chini ya kitenge ilisimama hapo mlangoni, ikingoja niitaje. Nilitaka kuondoka. Yule mzee wa kutikisa mguu, labda kwa kuchoka kungoja tu, akamwambia muuguzi kwamba mama atamwambia daktari, si benchi. Muuguzi akaandika jina langu bila kuuliza tena. Sijamwona mzee huyo tangu siku ile, na namwombea mema kila nikipita mtaa huo.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko nilivyotegemea. Nilimweleza nikiwa nimegeuza kichwa pembeni. Akasema, "Mama, angalia kwangu. Fungua." Nikafungua. Akasogea. Najua alikuwa amevaa kitambaa usoni, na najua ni kazi yake, lakini nakuambia ukweli, kwa muda mrefu kila uso niliouona ulikuwa unaondoka, na huu ulikuwa unakuja. Machozi yalinitoka nikiwa mdomo wazi. Alifikiri ameniumiza, akaomba msamaha.

Alinipa kioo nione mwenyewe. Kati ya meno na fizi kulikuwa na kitu cha kahawia, kigumu, nilichokuwa nikikiona miaka yote nikidhani ndiyo rangi ya meno yangu. Ni uchafu uliokaa mpaka ukawa jiwe, akasema, na mawe hayo yameingia chini ya fizi, fizi zimevimba na kuachia meno, na humo ndani kunaoza taratibu bila kuuma. Alipogusa kwa chuma chake chembamba, kilizama mahali ambapo hakikupaswa kuzama. Nilimuuliza kuhusu tumbo, akasema kwa wengine inaweza kutoka kooni au puani au kwingine, ndiyo maana mtu anatazamwa kwanza, lakini yangu iko hapa hapa mbele ya macho. Nikamuuliza kuhusu ndagala. Akacheka. Akasema ndagala hazina kosa lolote, nile.

Matibabu yalikwenda kwa pembe. Kinywa kina pembe nne, juu na chini, kulia na kushoto, na kila mara alichukua pembe moja. Ganzi, kisha vyuma, kukwangua. Ile sauti ya jiwe kukwanguliwa kwenye jino unaisikia ndani ya fuvu. Nilikuwa nashika kiti kwa mikono miwili. Nilitema vipande vyeusi kwenye karai na nikavitazama kwa mshangao, kwamba nimeimba nyimbo za Bwana nikiwa na hivyo kinywani. Pembe ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Siku ya pembe ya tatu mto Mulongwe ulifurika, maji yakaingia mitaani na barabara ikakatika, nami nikabaki upande huu nusu nimetibiwa na nusu bado. Mabeseni yangu ya ndagala yalichukuliwa na maji, na watu wengi walipoteza mengi kuliko hayo. Tulitoa matope majumbani mwa watu siku nyingi. Katika siku hizo niligundua kitu. Nilikuwa nimeinama na Faida, tunakokota godoro la mama yake lililolowa, vichwa vyetu karibu, na Faida alikuwa ananipigia kelele nivute upande wangu, bila kugeuza uso. Sikujua kama harufu imepungua au matope yamezidi. Nilivuta tu.

Barabara ilipofunguka tulimaliza pembe ya tatu, lakini ya nne ilikuwa mbaya. Magego mawili ya nyuma yalikuwa yanacheza, na daktari alisema hayashikwi tena na kitu. Yaling'olewa. Nililia nyumbani, si kwa maumivu, bali kwa sababu meno ni meno, na mimi niliyajua tangu utoto. Shavu langu upande huo limeingia ndani kidogo. Fizi zilipoacha kuvimba zilirudi nyuma, na meno yangu yakaonekana marefu, na katikati yake pakawa na nafasi ambazo hazikuwepo. Nilipojitazama niliona mtu mzima aliyenizidi umri. Maji ya baridi yalinichoma mpaka kiangazi kilipoanza. Haya siyafichi, maana wewe unayekwenda kutibiwa utayaona, na utafikiri daktari amekuharibu. Hajakuharibu. Uvimbe ulikuwa unakudanganya kwamba fizi zipo.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu. Nilitoa kabatini ile miswaki ya Kashindi. Nasugua taratibu kwenye mstari wa fizi, hata panapotoka damu, hasa panapotoka damu. Nasafisha kati ya meno kwa uzi. Nasafisha ulimi mpaka nyuma, na mwanzoni nilikuwa natapika kila asubuhi, majirani wakauliza kama nina mimba kwa umri huu, nikawaacha na furaha yao. Nakunywa maji mchana kutwa sokoni. Nikifunga na kuomba, nafunga chakula, maji nakunywa, na Mungu hajalalamika.

Na kila Jumapili kabla ya ibada namfuata mume wangu, nampulizia usoni, naye ananiambia. Ndiyo sheria ya nyumba yetu sasa. Mwanzoni alisema kila mara kwamba ni nzuri, nikamwambia akinidanganya tena nitarudi kwetu. Jumapili iliyofuata alifikiri kidogo, akasema, "Leo iko kidogo." Sijawahi kufurahi kuambiwa ninanuka kama siku hiyo. Nilirudi nikasafisha ulimi upya. Kiangazi kilipofika katikati alikuwa ananusa, kisha ananibusu paji la uso, na hilo ndilo jibu. Siku ya kwanza aliyofanya hivyo alikaanga ndagala mwenyewe, mwanamume asiyejua moto unawashwa upande gani, akaziunguza, nikazila zote. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia uwanja nikajikuta ninaimba.

Nilirudi kwenye kwaya bila kutangaza. Mama Esperansi aliniuliza nitasimama wapi, nikasema popote. Nilikuwa mzima. Ndipo mchungaji akaniita nitoe ushuhuda. Kwetu mtu akipona anasimama mbele ya kanisa na kusema Mungu alivyomtendea, na nilijua watu walichotegemea. Walitegemea kile chumba cha kufunga, na roho kutoka. Kikundi cha maombi walikuwa wamekaa safu ya mbele wakiwa wamevaa sare. Riziki alinisihi nyumbani niseme tu nilikuwa naumwa, Mungu ameniponya, amina, nikae. Hata mume wangu alisema hakuna haja ya kulitaja lile neno mbele ya watu. Nililala nalo na nikaamka nalo.

Nilisimama na viatu vyangu. Nikasema, "Bandugu, minye sikukuwa na pepo. Kinywa yangu ilikuwa inanuka, na ninyi bote mulijua. Ilikuwa nyama ya meno, fizi, yenye kuoza. Daktari aliitengeneza, na Mungu ndiye alinipa ule daktari." Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wengi. Niliwaacha wamalize. Nikaendelea kueleza yote, mawe, damu, magego mawili, nikafungua kinywa nikawaonyesha pengo. Nikasema anayetoka damu akipiga mswaki asingoje jino liume. Nikasema pia kwamba anayempenda mtu amwambie. Sikupigiwa makofi. Safu ya mbele hawakunisalimia mlangoni. Nilirudi nyumbani kichwa juu, na juma zima hakuna aliyekuja, nikaanza kufikiri labda nimejianika bure.

Aliyekuja alikuwa mama mkwe wangu. Ni mama yake mume wangu na Kashindi, mjane, anakaa Kavimvira karibu na mpaka. Ujue kwamba kwetu mama mkwe si mtu wa kucheza naye. Miaka yote ya ndoa yangu sijamtazama usoni moja kwa moja, sijala naye sahani moja, nikimpa kitu nakitoa kwa mikono miwili nikiwa nimeinama. Akija anakaa kwenye kiti chake mbali na wengine, na tulidhani ni ukubwa wake unamkalisha mbali. Siku hiyo ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Aliwaambia wanawe wawili watoke nje, wakatoka. Akaacha kiti chake, akaja akakaa mkekani ubavuni mwangu, nami nikaanza kusogea kumpa nafasi, akanishika.

"Mukwe wangu," akasema, "hakuna muntu wa kuniambia. Batoto yangu banaogopa. Baba yabo alikufa bila kuniambia. Weye uko na kinywa ya kusema. Nusa."

Akafunga macho, akafungua mdomo.

Hakuna desturi inayosema mkwe afanye hivyo, na ile iliyopo inakataza. Nilimsogelea mpaka uso wangu ukafika kwake, nikavuta pumzi, na nikamheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu.

"Mama," nikasema, "iko inanuka."

Akafumbua macho, akajipangusa uso kwa kitenge, akaniangalia machoni, akaniuliza kama yule daktari yuko kazini Jumatatu.